Kabla Hujamlipa Dalali
Dalali anakufungulia nyumba Kiembe Samaki, Zanzibar, karibu na uwanja wa ndege, rangi bado inanuka, anataka kodi ya miezi sita leo hii kwa sababu eti kuna mtu yuko njiani. Mtu huyo mara nyingi hayupo. Na ufunguo si ushahidi wa umiliki; hata mpangaji wa wiki moja anaweza kuwa nao. Muulize sheha wa eneo hilo mwenye nyumba ni nani, umlipe mwenye nyumba mwenyewe, kwa mkataba na risiti.

Kununua kiwanja ndiko kwenye hatari zaidi. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma; mtu hupewa haki ya kuitumia. Karatasi ya mauziano yenye dole gumba haitoshi. Kiulizie kiwanja hicho Kamisheni ya Ardhi kabla hujatoa hata shilingi.