TAARIFA YA TAWI: WATAFITI WAKIJA SHULENI

 

Ndugu wanachama, haya tuliyazungumza na wazazi kwenye mkutano wa tawi hapa Mkotokuyana. Tunayatuma kwa ambao hamkufika.

Kwanza, maneno ya mumiani tuyaache. Kipimo cha haraka cha malaria kinahitaji tone la damu ya kidoleni, basi. Na utafiti si mgeni huku kwetu. Miaka ya 2005 hadi 2007 Taasisi ya Ifakara ilifanya kazi Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba: watoto wachanga walipewa dawa ya SP siku za chanjo, ili ijulikane kama inawakinga na malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kinga hiyo kwa Afrika. Kina mama waliokubali wakati ule, watoto wao leo ni vijana.

Baadaye ikaja zamu ya shule. Mwaka 2014 na 2015 Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria ulipima wanafunzi katika shule za msingi za serikali zaidi ya 500 Tanzania Bara. Karibu mtoto mmoja kati ya watano alikutwa na vimelea. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa anacheza mpira kama wenzake, huku damu inampungua taratibu, darasani anasinzia, na mwalimu anamwita mvivu.

Lakini ndugu, wanaopimwa shuleni ni waliopo shuleni. Msimu wa kilimo familia zetu zinahamia mashambani, watoto wanalala vibandani, mara nyingi bila chandarua. Hao ndio malaria inawapata zaidi, na ndio wasiohesabiwa. Tukinyamaza, takwimu zitasema Mkotokuyana tuko salama, na dawa zitapelekwa kwingine.

Kwa hiyo tumeiomba kamati ya shule iwaambie watafiti wowote watakaokuja: watoe taarifa mapema ili watoto warudishwe kijijini, atakayekutwa na vimelea apewe dawa siku hiyohiyo, na majibu ya jumla yasomwe kwenye mkutano wa wazazi, kwa Kiswahili cha kueleweka. Majina ya watoto yasitajwe. Mzazi asiyetaka mwanawe apimwe ana haki hiyo, asisimangwe.

Mwenye mtoto shambani amtaje kwa kiongozi wake wa shina, tumfikishie mwalimu mkuu.

Uongozi wa Tawi