Mteja ni wa kampuni, si wa simu ya karani

Kampuni nyingi za Dar es Salaam na Nairobi zina simu ya mezani isiyolia tena. Biashara imehamia WhatsApp, tena kwenye simu binafsi ya karani wa mauzo. Karani akiacha kazi, anaondoka na oda, malalamiko na bei alizokubaliana na wateja. Bosi ndiyo kwanza anaanza kuulizana na watu: yule wa Morogoro alikuwa anadaiwa ngapi?

Mfumo wa mawasiliano ya pamoja unatibu hasa hilo. Sauti, ujumbe na mikutano ya video hupita kwenye intaneti chini ya namba ya kampuni. Mteja akipiga, simu inalia kwa aliye zamu, hata akiwa Mwanza, na kumbukumbu inabaki ofisini.

Wauzaji wa mifumo hii hawapendi kugusia upande wa pili. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, intaneti ikayumba Afrika Mashariki. Aliyetegemea njia hiyo peke yake alikwama. Na Skype, iliyozoeza dunia simu za intaneti tangu 2003, ilifungwa Mei 2025. Kwa hiyo kabla ya kusaini, uliza: mtandao ukikatika, simu za wateja zitaelekezwa wapi? Umeme je? Tukiachana, namba yetu tunahama nayo?

Duka la watu watatu, kwa maoni yangu, lisikimbilie mfumo huu. Laini moja iliyosajiliwa kwa jina la biashara inatosha kwa sasa.