Harusi ya Wimbo Mmoja

Vijana wenzangu, leo tuanze na kicheko.

Kuna sinema ya Marekani inaitwa Enchanted, ilitoka mwaka 2007. Giselle, binti wa nchi ya hadithi, anakutana na Edward, mwana wa mfalme. Wanaimba wimbo mmoja, basi! Kesho yake harusi. Hawajaulizana hata "unapenda chakula gani?" Lakini malkia, mama wa kambo wa Edward, hataki harusi hiyo. Anajigeuza bibi kizee, anamtumbukiza Giselle kisimani. Binti anaibukia wapi? Kwenye shimo la barabarani, katikati ya jiji la New York, na gauni lake la harusi pana kama hema!

Sasa vituko. Kwao akiwa na kazi anaimba tu, wanyama wa porini wanakuja kumsaidia. New York naye anaimba dirishani. Wanakuja panya, njiwa na mende! Eti hao ndio wanasugua bafu. Akitaka gauni jipya, anakata mapazia ya mwenye nyumba. Edward naye anamfuata, anaona basi la abiria, anadhani ni dubwana. Anapanda juu, analichoma upanga!

Mnacheka. Haya, kituko kikubwa ni kipi? Mimi nasema si mende. Ni ile harusi ya wimbo mmoja, maana hiyo hata shuleni tunayo. "Ananipenda, ananitumia meseji tamu, tumejuana wiki mbili." Umemjua yeye, au umezijua meseji zake?

Mwenye mapazia ni Robert, mwanasheria wa kesi za talaka. Yeye ndiye anamweleza Giselle kuwa watu hutoka pamoja, wakazungumza, wakajuana kwanza. Siku moja wanabishana, Giselle anakasirika kwa mara ya kwanza maishani. Anafurahi mno! Kumbe na yeye ana hasira. Basi Edward anapompata, binti harukii harusi tena. Anaomba kwanza watoke, wazungumze.

Wewe pia una haki ya kuomba muda. Ukisukumwa kufanya usilotaka, hasira yako ina maana, isikilize. Sema "sitaki", wala usiombe radhi. Tena virusi vya ukimwi havionekani usoni. Mtu anaweza kupendeza kama mwana wa mfalme, na yeye mwenyewe hajui kama anavyo. Kipimo ndicho kinachosema, si macho wala wimbo.

Nawaachia kazi ya nyumbani. Yule anayekuimbia leo, mkatalie jambo dogo tu. Mwambie, "Jumamosi siji, nina kazi ya darasani." Kisha mwangalie. Akikuelewa, mnaweza kuendelea kuzungumza. Akinuna, akikutisha, au akisema "basi hunipendi", amekuonyesha alivyo, na mapema. Ongea na mtu mzima unayemwamini.

Haya, maswali!