Maombi ya Uzamivu wa Falsafa Nje ya Nchi: Nafasi ya Barua za Mapendekezo

Mada iliyowasilishwa katika semina ya walimu na wahitimu wa falsafa

1.0 Utangulizi

Nimepangiwa kueleza namna ya kuomba nafasi ya uzamivu wa falsafa katika vyuo vya nje, hatua kwa hatua. Hatua hizo nitazipitia harakaharaka, maana zimo kwenye tovuti za vyuo vyenyewe na kila mwenye simu anaweza kuzisoma. Muda utakaobaki nitautumia kwa jambo ambalo nimelipigia kelele vikaoni kwa miaka mingi bila mafanikio ya kujivunia: barua tunazoandika sisi walimu.

2.0 Maana na utaratibu

Uzamivu ni shahada ya juu ya utafiti. Hapa kwetu mhadhiri msaidizi hapandi kuwa mhadhiri bila kuwa nayo, kwa hiyo sina haja ya kumshawishi mtu juu ya umuhimu wake.

Nchini Marekani programu huchukua miaka mitano au sita, na mara nyingi zaidi ya hapo. Mwanafunzi huanza na kozi, kisha tasnifu. Katika idara nyingi zenye jina, aliyepokewa halipi ada na hupewa posho ya kujikimu, naye hulipa kwa kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza. Uingereza ni miaka mitatu hadi minne, mwombaji anatakiwa kwenda na andiko la utafiti, na kupokewa ni jambo moja, kupata fedha ni jingine kabisa. Pale Oxford wengi hutangulia na shahada ya BPhil ya miaka miwili, njia ile ile aliyoipita Kwasi Wiredu wa Ghana akiwa chini ya Gilbert Ryle. Ujerumani na Afrika Kusini, kwa kawaida msimamizi hutafutwa kwanza, mengine yanafuata.

Nyaraka zinazotakiwa Marekani ni transkripti, tamko la nia, sampuli ya maandishi, ushahidi wa kujua Kiingereza na barua tatu za mapendekezo. Mtihani wa GRE idara nyingi za falsafa zimeachana nao. Ada ya maombi ni kama dola 75 hadi zaidi ya 100 kwa chuo kimoja, lakini vipo vyuo vinavyoisamehe ukiomba mapema. Mtihani wa Kiingereza nao baadhi ya vyuo huusamehe ukileta barua ya chuo chako inayothibitisha kuwa masomo yalifundishwa kwa Kiingereza. Vijana, ulizeni. Kuuliza hakuna ada.

Juu ya sampuli ya maandishi niseme neno moja tu. Kurasa zinazotakiwa kwa kawaida ni kati ya 15 na 25, na ndani yake iwemo hoja moja iliyojengwa, ikapingwa, ikatetewa. Sura ya "Mapitio ya Maandiko" iliyochomolewa kwenye tasnifu ya umahiri haifai. Sura hiyo inaonyesha umesoma nini. Wao wanataka kuona unafanya nini na ulichosoma.

3.0 Tatizo la barua

Sina nia ya kuinyooshea kidole idara yoyote, na ninatambua juhudi zinazofanywa na uongozi katika mazingira magumu. Hata hivyo, tukiongea ukweli, barua zetu zinawaangusha watoto wetu.

Kamati ya udahili ya idara yenye jina hupokea mamia ya maombi kwa nafasi zisizofika kumi. Wanakamati ni wahadhiri kama sisi, wana madarasa na mitihani ya kusahihisha. Mmoja wao anafungua jalada la mwombaji wetu, anakuta transkripti yenye wastani wa 4.4 kwa kipimo cha 5, wakati yeye amezoea kipimo cha 4. Anakuta alama 70 imeitwa A, na kwake 70 ni alama ya mwanafunzi anayesuasua. Anabaki hajui asome vipi. Hapo ndipo anaigeukia barua ya mwalimu, akitegemea imweleze huyu kijana ni nani. Anakutana na hii, ambayo ninaitoa kwa Kiswahili ingawa sote tunaifahamu kwa Kiingereza chake:

"Ninathibitisha kuwa ninamfahamu mtajwa hapo juu. Ni kijana mtiifu, mwenye nidhamu na mchapakazi. Alihudhuria vipindi vyote na alishirikiana vizuri na wenzake. Naamini atafaa kwa kazi yoyote atakayopangiwa. Msaada wowote mtakaompatia utathaminiwa."

Inafuata saini, "Kny: Mkuu wa Idara", na mhuri uliogongwa juu ya saini hadi jina halisomeki. Barua hii inafaa kufungulia akaunti ya benki. Haisemi mwanafunzi aliandika nini, alibisha nini, alibadilisha mawazo wapi. Na kwenye falsafa, sifa ya kwanza tuliyompa mtu ni kwamba ni mtiifu!

Barua inayofaa ikoje? Chukueni mfano wa binti aliyeandika insha ya semina juu ya Odera Oruka, yule mwanafalsafa wa Nairobi aliyesomea Uppsala chini ya Ingemar Hedenius. Oruka, katika utafiti wake juu ya wahenga, aliwatenganisha wanaohifadhi hekima ya jamii na wale wanaoihoji, na mzee Paul Mbuya Akoko ni miongoni mwa aliowahoji. Binti anaandika kwamba mhenga anaanza kuihoji mila baada ya profesa kumchokoza kwa maswali, kwa hiyo hatujui falsafa iliyorekodiwa ni ya nani. Mwalimu anamjibu kwamba hata kwa Socrates mambo yalikwenda kwa maswali. Wiki inayofuata binti anarudi: Socrates ndiye aliyekuwa akiuliza, kwa hiyo mfano huo unampa uwanafalsafa muulizaji, yaani Oruka, na mhenga anabaki mjibuji. Mwalimu akiyaandika hayo kama yalivyotokea, na akaongeza kuwa katika miaka yake ya kufundisha wanafunzi wa namna hiyo ni wachache, kamati imeshamwona mtu. Kurasa mbili zinatosha, na neno "mchapakazi" halina haja ya kuonekana.

Kwa nini hatuandiki hivyo? Sababu moja ni ya haki kabisa. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi mia tatu hawezi kukumbuka insha ya mmoja, hasa pale ambapo insha zenyewe zimegeuzwa kuwa maswali ya kuchagua jibu. Hilo linahitaji fedha na walimu, na lipo juu ya uwezo wa semina hii.

Sababu nyingine hazihitaji fedha. Mwanafunzi anaomba barua, anaambiwa, "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Anaandika zote tatu, za walimu watatu tofauti. Kamati inasoma barua tatu zenye mtindo mmoja, na kosa lile lile la sarufi lililomo kwenye tamko la nia la mwombaji. Wasomaji hao kazi yao ni kusoma, hawadanganyiki. Wapo hata walimu wanaompa mwanafunzi nywila ya barua pepe yao ili apakie mwenyewe. Fomu za Marekani humuuliza mwombaji kama anaachia haki ya kuja kuisoma barua hiyo, haki inayotokana na sheria yao ya 1974. Mwanafunzi anaweka alama ya kuiachia haki, huku barua ameiandika yeye. Tuite jambo hili kwa jina lake: ni kughushi, na anayemfundisha kijana kughushi ni mwalimu wake wa maadili.

Kuna pia ugonjwa wa vyeo. Kijana anamruka mhadhiri msaidizi aliyesahihisha tasnifu yake mstari kwa mstari, anakwenda kwa mkuu wa wilaya au mbunge. Wahitimu wa seminari huleta barua ya gombera inayosifia uaminifu wao kwenye sala, jambo jema kabisa, lakini kamati inataka kujua anavyomsoma Aquinas.

Halafu kuna masijala. Nilikuwa na mwanafunzi katika chuo nisichokitaja. Barua yake moja ilikuwa tayari wiki mbili kabla ya siku ya mwisho. Ikasubiri karatasi yenye nembo, kwa sababu karatasi hizo hufungiwa kwenye droo na ufunguo anao katibu muhtasi, na katibu muhtasi alikuwa likizo ya Krismasi. Naibu wake akasema hana mamlaka. Mkuu akasema barua ipite kwanza kwake ili ijulikane imetoka. Ilipotoka, mfumo wa chuo cha ugenini ulikuwa umefungwa. Kijana aliniuliza afanye nini, nikamwambia asubiri mwaka mmoja. Barua inayokwenda kwa mtandao hatukuwa na sababu yoyote ya kuipitisha kwenye droo.

4.0 Mapendekezo

Pendekezo la kwanza ni kwa walimu: usikubali kumwandikia mtu usiyemjua kazi yake. Kumwambia "sitaweza" mwezi Septemba ni kumsaidia. Kumwandikia mistari mitano Desemba ni kumuua.

Pili, mwalimu aandike mwenyewe. Kama huna muda, mwombe mwanafunzi akuletee insha zake, alama zake na ukurasa mmoja wa mambo mliyobishana, kisha andika wewe.

Barua ieleze kipimo chetu. Sentensi mbili zinatosha: kwamba A huanzia 70, kwamba daraja la kwanza ni 4.4 na kuendelea kati ya 5, na kwamba wanaolifikia ni wachache. Idara inaweza kuandaa aya hiyo mara moja, kila mwalimu akaiingiza kwenye barua yake.

Uongozi uruhusu karatasi yenye nembo itolewe kwa njia ya kielektroniki kwa kila mhadhiri. Ninatambua hofu ya matumizi mabaya. Lakini hofu hiyo hiyo haijazuia nywila kugawiwa kwa wanafunzi, kwa hiyo droo hailindi chochote.

Walimu watumie barua pepe ya chuo, kwani baadhi ya mifumo huitilia shaka anwani binafsi, na wakague sanduku la barua taka, maana viungo vya kupakia barua huangukia huko. Vyuo navyo vihakikishe barua pepe hizo hazizimiki kila seva inapopata hitilafu.

Idara ziwe na mtu mmoja wa kufuatilia maombi. Asiwe kamati. Awe mtu, mwenye jina, mwenye orodha ya waombaji, vyuo, tarehe na walimu walioahidi.

Mafunzo ya walimu wapya yawe na kipindi cha kuandika barua. Tunawafundisha kutunga mtihani. Hili hatuwafundishi, na wanaiga waliyoandikiwa wao.

Kwa wanafunzi: mchagueni mwalimu aliyesoma kazi zenu, hata kama cheo chake ni kidogo. Msimruke mhadhiri msaidizi kwa ajili ya mbunge. Narudia kwa kuwa najua mtamruka. Mwombeni mapema, na mkumbusheni kwa adabu bila kuona haya.

Tena kwa wanafunzi: angalieni saa. Tarehe ya mwisho ikiandikwa saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za New York, majira ya baridi, kwetu ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi ya siku inayofuata. Hizo si saa za akiba. Saa hizo mtandao unaweza kuwa umekatika na mwalimu yuko kwenye daladala.

Na tena kwa walimu, kwa sababu mengine yote yanarudi hapa: andikeni wenyewe, andikeni juu ya kazi ya mwanafunzi, pelekeni kwa wakati.

Maombi mengi ya Marekani hufungwa kati ya katikati ya Desemba na mapema Januari. Ndugu Mwenyekiti, naomba kabla hatujatawanyika jioni hii kila mwalimu aliyemo ukumbini aandike kwenye karatasi majina ya wanafunzi aliowaahidi barua mwaka huu, na karatasi hizo zikabidhiwe kwa wakuu wa idara. Wakuu wa idara mpo. Msiziweke kwenye droo.