Msamaha wa Kodi ya Majengo na Biashara za Kidatu

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wafanyabiashara wetu wamekuwa wakilizungumza, kwamba kodi ya majengo ikisamehewa, biashara zitakua hapa Kidatu. Kazi yangu ni hesabu, kwa hiyo mniwie radhi nikianza na tarakimu.

Kodi hii ilianza kukatwa katika LUKU Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Hapa huwa nacheka kidogo. Mitambo ya Kidatu ilianza kazi mwaka 1975, ikafikia megawati 204 mwaka 1980. Lakini sisi jioni tulisoma kwa karabai, huku nyaya zikipita juu ya miwa kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Umeme ulipotufikia, haukupita muda mtoza kodi naye akaja kwa waya uleule.

Sasa, msamaha ukitolewa atafaidika nani? Sheria inamtaka mwenye jengo alipe, lakini anayekatwa ni yule anayenunua umeme. Fundi cherehani aliyepanga fremu hulipa kodi ya jengo lisilo lake, na wachache ndio wenye ujasiri wa kumwambia mwenye nyumba aipunguze katika pango. Kwake yeye msamaha ungekuwa haki. Lakini shilingi 1,500 kwa mwezi haziwezi kumnunulia cherehani ya pili, na tusimdanganye.

Tena, baraza la madiwani haliwezi kuifuta kodi hiyo kwa kupiga makofi, maana viwango vyake hupangwa kitaifa. Sheria ya mwaka 1983 ilisamehe nyumba za ibada, makaburi, maktaba na kadhalika. Baadaye wakaongezwa wazee wa miaka 60 na zaidi kwa nyumba moja wanayoishi. Duka changa sikulikuta humo. Kilicho mikononi mwa halmashauri ni sheria ndogo zake: ushuru wa soko, pango la vibanda vyake, ada mbalimbali. Hapo ndipo pa kugonga hodi.

Lakini kugonga nako kuna namna. Niliwahi kufanya kazi katika halmashauri moja, mbali na bonde hili. Mzee mmoja alitaka kuweka mashine ya kukoboa mpunga katika jengo la halmashauri. Akasamehewa pango ili aanze. Mashine ikanguruma, vijana wakapata kazi, sote tukafurahi. Hakuna aliyeandika msamaha unakwisha lini. Nilipofungua jalada lile, miaka tisa ilikuwa imepita na mzee hajalipa hata senti. Jirani yake, kijana aliyeleta mashine mpya, alikuwa akilipa kila mwezi. Alishindana naye misimu miwili, akafunga, akaenda kuendesha bodaboda. Mimi ndiye niliyetia sahihi barua ya kumdai kijana yule malimbikizo. Nilifuata kanuni, na bado barua ile hunijia usiku.

Sheria ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, ya mwaka 2002, iliwapa wenye viwanda vya humo msamaha wa tozo za serikali za mitaa, lakini ikataja miaka: 10. Ikiwa wenye mitaji mikubwa waliwekewa mwisho, sioni kwa nini mashine ya mpunga isiwekewe.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mtakaopeleka ombi kwa halmashauri: ombeni nafuu ya pango na ushuru kwa kila biashara mpya, si kwa mtu mmoja, ombeni miaka miwili au mitatu, na majina ya waliosamehewa yabandikwe ubaoni pamoja na kiasi. Kiasi hicho ni fedha ambazo zahanati na shule hii hazitazipata, na wazazi wana haki ya kukiona.

Waalimu wa Biashara wameniahidi vijana sita wa Kidato cha Tatu kwenda sokoni Jumamosi ijayo kuhesabu vibanda vilivyofungwa na kuwauliza wenyewe kwa nini walifunga. Daftari nimeleta mimi. Tusipeleke barua kabla hawajarudi.