Maradhi ya Kuhara kwa Watoto Wadogo
(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi)



Maneno ninayotaka kuyasema leo ni juu ya maradhi ya kuhara yanayowashika watoto wadogo, hasa wale ambao hawajatimiza miaka miwili. Pengine wengine wenu watasema, "Maradhi haya twayajua tangu zamani, hayahitaji hotuba." Ni kweli, mnayajua. Lakini kuyajua maradhi kwa macho ni mbali, na kujua yafanyavyo kazi ndani ya tumbo la mtoto ni mbali.

Mtoto akianza kuhara, majirani hutoa sababu nyingi. Mmoja husema ni meno yanaota. Wa pili husema ametazamwa kwa jicho baya. Wa tatu husema mama ameshika mimba nyingine na maziwa yake yamemdhuru mtoto. Hayo ya meno ndiyo yaliyoenea kupita yote, na asili yake si vigumu kuiona. Meno huanza kuota yapata mwezi wa sita, na wakati huo huo mtoto huanza kutambaa na kutia kinywani kila anachookota: kijiti, kiatu, mkono wa nduguye. Tena wakati huo kinga aliyoipata kwa mama yake inapungua. Basi meno hukutwa mahali pa kosa, lakini si yaliyolitenda.

Mwenye kulitenda mara nyingi ni kijidudu kinachoitwa virusi. Hapa naomba ruhusa niseme neno moja kama mtu ambaye kazi yake ni kufasiri maneno ya madaktari. Katika lugha yetu tumezoea kusema "vijidudu" kwa kila kitu kidogo kiletacho maradhi, na mazoea hayo yametutia hasara. Viko vijidudu vya jamii ya bakteria, ambavyo huuawa na dawa kama zile za vidonge vya rangi mbili mnazoziona madukani. Na viko virusi, ambavyo ni vidogo zaidi sana, na dawa hizo haziviwezi hata kidogo. Mzazi akisikia "vijidudu" hukimbilia vidonge, fedha zake hupotea, na saa ambazo mtoto angenyweshwa maji hupotea pamoja nazo.

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe hawakuweza kueleza kwa nini watoto wengi huhara. Ndipo mwaka 1973, katika mji wa Melbourne, Australia, Bi. Ruth Bishop na wenzake walipochukua kipande kidogo cha utumbo wa watoto wagonjwa, wakakitazama kwa darubini yenye nguvu kubwa, wakaona humo virusi vya mviringo. Umbo lake lilifanana na gurudumu, kwa hiyo vikaitwa rotavirusi, maana "rota" kwa Kilatini ni gurudumu. Viko na vingine. Mwaka 1968 wanafunzi wa shule moja katika mji wa Norwalk, Marekani, walishikwa na kutapika na kuhara kwa wingi, na virusi vilivyowashika vilikuja kuonekana kwa darubini miaka minne baadaye.

Nimeutaja mji wa Marekani kwa makusudi, ili mama asione haya kana kwamba mtoto wake amehara kwa sababu nyumba yake ni maskini. Karibu kila mtoto duniani, wa tajiri na wa maskini, hupatwa na rotavirusi kabla hajatimiza miaka mitano. Virusi hivi hutoka kwa wingi mno katika choo cha mtoto mgonjwa, na chembe chache tu zikiingia kinywani mwa mwingine zatosha kumwambukiza. Kunawa mikono kwa sabuni husaidia, wala msiache. Lakini hata nyumba safi hazikupona.

Sasa tazameni jinsi mtoto anavyokufa. Virusi huharibu ngozi laini ya ndani ya utumbo, ile inayofyonza maji na chakula. Maji hupita bila kufyonzwa, na chumvi ya mwili hutoka pamoja nayo. Mtoto hukauka kama mche uliong'olewa. Basi yule anayesema, "Msimpe maji, atazidi kuhara," anamnyima kitu kile kile ambacho kukikosa ndiko kunakomwua.

Maji matupu peke yake hayatoshi. Utumbo una njia ambayo sukari na chumvi hupita pamoja, na zikipita huvuta maji nyuma yake. Njia hiyo hubaki wazi hata wakati wa ugonjwa. Ndiyo maana dispensari hutoa pakiti za unga wa sukari na chumvi. Soma kipimo kilichoandikwa, maana ziko pakiti za nusu lita na ziko za lita moja. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo kikombe mpaka nusu kila baada ya kuhara. Akitapika, ngojeni dakika kumi, kisha mwanze tena polepole kwa kijiko. Maziwa ya mama yasikatwe, wala chakula. Vidonge vya madini ya zinki, ambavyo hutolewa pamoja na pakiti hizo, apewe kwa siku kumi mpaka kumi na nne, hata kama kuhara kumekwisha.

Choo kikiwa na damu, hilo ni jambo jingine: mara nyingi hiyo ni kazi ya bakteria, na daktari huwa na dawa yake.

Iko na chanjo. Kenya ilianza kuitoa kwa watoto wote mwezi wa Julai 2014. Ni matone ya kinywani, hayana sindano, na hapo mwanzo yalitolewa mtoto akiwa na wiki sita na tena akiwa na wiki kumi. Huko Kilifi na Siaya, wachunguzi waliowahesabu watoto waliolazwa hospitali kwa rotavirusi waliona idadi yao imepungua sana baada ya hapo. Mama mwingine atasema, "Wangu alichanjwa na bado akahara." Yawezekana, kwa sababu chanjo hii haizuii kila kuhara, wala haizuii rotavirusi kwa watoto wote, lakini hupunguza sana ule ukali unaoua.

Neno langu la mwisho ni kwa akina baba, kwa kuwa mara nyingi nauli imo mfukoni mwao. Macho ya mtoto yakididimia, ngozi ya tumbo ikifinywa na kurudi polepole, au akilegea hata asiweze kunywa, msingoje mapambazuko wala siku ya soko. Pakiti zikiwa zimekwisha, changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vya kusawazishwa, visizidi. Mchukueni hospitali usiku huo huo, na maadamu aweza kumeza, mama aendelee kumnywesha njiani.