Dawa Iliyo Hai

Wahitimu wetu wa kilimo:

Wazazi wamekaa juani tangu asubuhi, kwa hiyo nitasema jambo moja tu. Kuvu.

Mwaka 2009 nzige wekundu walizaliana kupita kiasi kwenye mbuga za Iku-Katavi, Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi. Kule kuna tembo, viboko na ndege wa majini. Huwezi kumwaga sumu kutoka angani ukalala usingizi. Helikopta zikanyunyiza Green Muscle, yaani vimbegu vya kuvu ya Metarhizium vilivyochanganywa na mafuta. Kimbegu kikimnasa nzige huota juu ya ngozi yake, kikaitoboa, kikamla kwa ndani. Mwanzoni nzige bado anaruka. Kisha anapoteza hamu ya kula, anazubaa, ndege wanamwokota. Wengi hufa ndani ya wiki moja hadi tatu.

Wiki hizo ndizo zitakazowapima. Mkulima wa nyanya uliyemuuzia dawa ya kuvu, aliyezoea kuona wadudu wakidondoka kabla hajalitua bomba atakupigia kesho yake alfajiri: "Bwana shamba, umeniuzia maji!" Mwambie ukweli kabla hajatoa hela. Mwambie asihesabu mizoga, akague majani: je, kuna matundu mapya?

Halafu mkague bomba lenyewe. Bomba lililobeba dawa ya ukungu jana, likabebeshwa kuvu leo bila kuoshwa, linaiua dawa njiani. Wataalamu wenye vyeti vikubwa kuliko vyenu hulisahau hili, sijui kwa nini. Kunyunyiza kufanyike jioni, maana jua kali linaua vimbegu. Na mkifika duka la pembejeo, ulizeni pakiti ilikaa wapi; iliyokaangwa miezi mitatu chini ya bati huenda haina tena kitu kilicho hai, hata kama tarehe ya mwisho haijafika.

Sisemi viuatilifu vyote vya kemikali vitupwe. Viwavijeshi wakishajaa kwenye mahindi, si kila mtu ana nafasi ya kungoja. Ila anayewahi kukagua shamba, wadudu wakiwa bado wachache, ana nafasi hiyo, na kumzoesha kuwahi ni kazi yenu kuanzia Jumatatu.

Hongereni sana. Akina mama, vigelegele sasa ruksa.